Damu Iliyosingiziwa Kula

Mara ya tatu walipomwambia amekula, Mizani alitamani kumvuta yule muuguzi kupitia tundu la dirisha, kichwa kikitangulia. Hakufanya hivyo. Alishika ukingo wa dirisha namba tano kwa mikono miwili akaisoma ile karatasi upya, labda maneno yangeona haya yakabadilika. Wapi. Muhuri wa bluu ulikuwa pale pale, umepigwa upande upande kama kazi ya mtu mwenye haraka: AMEKULA. RUDIA.

"Sikula," alisema.

"Mama, mimi sibishani na wewe." Muuguzi alikuwa anatafuta kalamu kwenye nywele zake. "Maabara ndio walioandika. Damu ya mtu aliyekula inajulikana."

"Tangu jana saa kumi na mbili jioni sijatia kitu mdomoni. Maji tu."

"Ndivyo ulivyosema na mara iliyopita."

"Kwa sababu na mara iliyopita sikula."

Muuguzi akamtazama kwa lile jicho la kumhurumia mwongo, na hilo ndilo lililomkata maini. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Sasa mtu akikuhurumia kwa uongo ambao hukuusema, utaanzia wapi?

Mizani ni jina alilopewa kazini, ghala la vigae na masinki, kwa sababu alikuwa anaweza kuipandisha paleti ya vigae, karibu tani nzima, hadi rafu ya tano na kuitua pale bila kigae kimoja kulia. Miaka sita anaendesha foklifti. Wanaume waliomcheka siku ya kwanza ndio waliokuja kumwomba awafundishe kurudi nyuma kwenye kona. Lakini dereva wa foklifti, awe Mizani au awe nani, kila mwaka lazima alete cheti cha afya, kwa sababu kampuni ya bima imesema hivyo: macho, masikio, presha, sukari, mafuta kwenye damu. Huna cheti, huna ufunguo. Ukipita miezi mitatu bila cheti, mashine anapewa mtu mwingine moja kwa moja, na wewe unatafutiwa kazi nyingine, kama ipo.

Kazi nyingine ilikwishapatikana: fagio. Wiki ya sita sasa Mizani alikuwa anafagia vumbi la vigae chini ya rafu zake mwenyewe, huku juu ya mashine yake amekaa mpakizi mmoja mnene ambaye kila akigeuka aligonga kitu. Kila alipogonga, Mizani alifumba macho. Alikuwa anasikia kwa mlio tu ni sinki au ni kigae.

Msimamizi wa ghala, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Utaratibu kwa vile hakuwa na neno jingine, aliisoma karatasi ya tatu kwa kuishika mbali na macho.

"Mwaka jana ulipita," alisema.

"Nilipita."

"Maabara ni ile ile?"

"Ile ile."

"Basi kilichobadilika ni wewe. Dada yangu, mtu mzima anashindwa kujizuia usiku mmoja? Utaratibu ni utaratibu. Funga mdomo, upime, urudi kwenye mashine. Mimi nitakusaidiaje kama wewe mwenyewe hujisaidii?"

Kilichobadilika ni wewe. Yule bwana alisema kweli bila kujua, kama saa mbovu inavyopatia mara mbili kwa siku. Lakini siku ile si yeye wala Mizani aliyejua.

Nyumbani nako usiseme. Mizani alikuwa anaishi na mumewe, fundi umeme, watoto wao wawili, na mama mkwe ambaye alikuja kukaa wiki mbili mtoto wa pili alipozaliwa na sasa mtoto anakaribia kuanza shule. Mama mkwe alikuwa mwanamke safi, mwenye mkono mzuri wa kupika na mdomo usio na mlango. Mizani alipowaambia majibu, yule mama alichekea kwenye kanga yake.

"Mimi sisemi kitu," alisema, na hiyo ilikuwa dalili kwamba atasema kila kitu. "Ila juzi nilikuta kifuniko cha sufuria kimekaa vibaya. Mimi sisemi kitu."

"Mama, mimi sikula."

"Sijasema umekula. Nimesema kifuniko. Na hilo tumbo unalolilalamikia kila siku, linalochoma hadi mgongoni, ni la mtu mwenye njaa hilo? Hiyo ni shibe."

Tumbo lilikuwa kweli linamsumbua. Lilikuwa linakuja chini ya kifua, linatoboa kwenda mgongoni, linamkunja nusu siku halafu linaondoka zake. Mizani alimtazama mumewe, ambaye alikuwa anafungua waya kwenye swichi mbovu mezani, akisubiri aseme neno. Neno likaja.

"Labda unaonja onja wakati wa kupika, mke wangu. Bila kujua."

Bila kujua. Mwezi mzima Mizani alikuwa hajakanyaga jikoni, kwa sababu anayepika ni huyo huyo mama yake mume. Aliinuka akaenda kulala na njaa yake na hasira yake, na vyote viwili vilimkesheza.

Asubuhi aliamka ameshaamua. Kama neno lake halina uzito, basi ataleta neno la mtu mwingine, na asiwe rafiki wala shoga, awe mtu ambaye akimtetea Mizani hata mawe yataamini. Na mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa pale uani anaanika mashuka.

"Mama," alimwambia, "nataka unilinde."

"Nikulinde na nani?"

"Na mimi. Kesho napima mara ya nne. Kuanzia leo jioni usinibandue macho. Funga jiko, funguo kaa nazo wewe. Nikienda chooni, simama mlangoni. Nikila, nenda ukaseme nimekula. Nisipokula, nenda ukaseme sikula."

Mama mkwe alimkazia macho, mdomoni ameuma kibanio cha nguo. Kazi ya kumchunga mkaza mwana kwa ruhusa ya mkaza mwana mwenyewe, hiyo ni bahati ambayo haijawahi kumfikia mama mkwe yeyote chini ya jua. Aliikubali bila kuuliza mshahara.

Na aliifanya, hilo tumpe haki yake. Saa kumi na mbili jioni alifunga jiko akavaa funguo shingoni. Mwanawe alihamishiwa sebuleni kwenye kochi, na yeye akalala kitanda kimoja na Mizani, upande wa mlangoni. Asubuhi alimnusa mdomo. Walipotoka nyumbani kwenda zahanati, alikuwa amemshika mkono kama askari na mshtakiwa, na njia nzima hakumruhusu hata kumeza mate kwa sauti.

Zahanati ile ilikuwa na mkataba na kampuni, nyumba ndefu yenye ukumbi mmoja na madirisha matano. Kila dirisha lina kazi yake, faili zake na rangi ya kadi zake, na dirisha moja halijui lililo jirani limeamka vipi. Dirisha la tano, vipimo vya kazi, kadi nyeupe. Mizani alikaa kwenye benchi mbele yake na mama mkwe akakaa ubavuni kwake, mkoba mapajani. Damu ikatolewa. Saa moja baadaye alitoka mtaalamu wa maabara mwenyewe, mtu wa makamo aliyevaa koti jeupe lenye doa la wino mfukoni, ameshika kichupa.

"Mama, hebu tazama," alimwambia Mizani, na kusema kweli hakusema kwa ubaya. "Damu tukishaizungusha kwenye mashine, yale mekundu hukaa chini na juu hubaki maji ya manjano, maangavu kabisa, unaweza kusoma gazeti ng'ambo ya pili. Sasa tazama ya kwako."

Juu ya ile damu palikuwa na kitu kizito, cheupe kama maziwa ya kopo.

"Haya ni mafuta. Mtu akila usiku ndivyo inavyokuwa. Na ikiwa hivi, sheria yetu hapa hatuipimi. Tunaandika amekula, tunamwaga, tunamwita tena."

Mama mkwe alisimama. Hakuwa mrefu, lakini ukumbi mzima ulimwona.

"Nani amekula?"

"Mgonjwa, mama."

"Huyu nimelala naye kitanda kimoja. Jiko nimefunga mimi, funguo hizi hapa shingoni, njoo uzishike. Amekwenda chooni mara mbili na mara mbili nimesimama mlangoni. Asubuhi nimemnusa mdomo. Mimi nimlinde mtu saa kumi na nne halafu wewe, na kichupa chako, uniambie amekula? Kwa hiyo mimi ndiye mwongo? Au nimelala usingizi? Niambie, nimelala?"

"Mama, sijasema wewe—"

"Umesema. Mimi ni mkwewe, baba. Angekula, mtu wa kwanza kulitangaza ningekuwa mimi, wala usingenitangulia."

Watu kwenye mabenchi walicheka, na yule mtaalamu akacheka kidogo halafu akaacha. Alikitazama kile kichupa. Alimtazama mama mkwe. Hoja ile ilikuwa nzito kuliko kitu chochote alichofundishwa chuoni kuhusu ushahidi. "Basi ngoja nimwite daktari," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza katika wiki sita mtu kwenye jengo lile kumwita daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani. Alikishika kichupa, akakigeuza mara moja tu.

"Huyu hajala," alisema.

Hivi hivi. Maneno mawili. Mizani alihisi machozi yanamjia akayakasirikia.

"Chakula hakifikishi mafuta hapa," daktari aliendelea, akimgeukia mtaalamu. "Supu ya jana jioni itaichafua damu, sawa, lakini sio hivi, na sio mara nne. Haya yanatoka mwilini mwenyewe. Mara tatu zote mlimwaga?"

"Ndiyo sheria, daktari."

"Ndiyo sheria," daktari alirudia, na jinsi alivyoirudia, yule bwana alianza kukuna lile doa la wino kwenye koti lake. Kisha daktari akafungua kadi nyeupe. "Hapa umeandika hutumii dawa yoyote."

"Situmii."

"Hakuna kabisa? Hata vidonge vya uzazi wa mpango?"

Sasa hapo. Naomba uelewe vizuri hapo palikuwaje. Huyo mama mkwe aliyekaa ubavuni kwake na funguo shingoni alikuwa anasubiri mjukuu wa tatu. Alikuwa anamsubiri kwa sauti. Mbele ya wageni alikuwa anasema tumbo la mkaza mwana wake limelala. Na Mizani na mumewe walikuwa wamekubaliana, chumbani, wawili tu, miezi kumi iliyopita: watoto wawili wanatosha kwa sasa, ameze vidonge, Mama asiambiwe. Mume ndiye aliyeomba Mama asiambiwe. Mizani angeweza kusema hapana. Neno moja. Lakini mbele yake alikuwa amesimama mtu wa kwanza aliyemwamini, na mtu huyo alikuwa anauliza kwa sababu anataka jibu la kweli.

"Navitumia," alisema. "Mwezi wa kumi sasa."

"Mbona hukuandika?"

"Wameuliza dawa. Mimi si mgonjwa, daktari. Mgonjwa ndiye anayekunywa dawa."

"Nani anakupa?"

"Nyinyi." Mizani alinyoosha kidole. "Pale. Dirisha la pili. Kadi ya kijani."

Kutoka dirisha la tano hadi la pili ni hatua kumi na mbili, na ukitaka kuamini, Mizani alizihesabu baadaye. Hatua kumi na mbili, na muuguzi wa kote kuwili ni yule yule mwenye kalamu kwenye nywele. Siku moja anakaa la pili anakupa vidonge. Siku nyingine anahamia la tano anakwambia umekula.

Mama mkwe alikuwa hajasogea.

"Miezi kumi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mwanangu?"

"Anajua. Tulikubaliana wote."

Yule mama aliuchukua mkoba wake, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Hakugeuka. Mizani alitaka kumfuata, lakini daktari alikuwa ameshamshika bega na kumkalisha chumbani kwake.

Alimweleza taratibu, bila kumzungusha. Wanawake wengi wanameza vidonge hivi na mafuta yao ya damu yanasogea kidogo tu, hata hawajui. Vingine vinagusa kolesteroli, ile nzuri na ile mbaya. Lakini ile homoni ya estrojeni iliyomo inapandisha mafuta ya aina nyingine, yanaitwa triglisaridi, na kama mtu amezaliwa na mwili unaoyarundika, basi vidonge ni sawa na kumwagia moto petroli. Mafuta yakifika pale yalipofika ya Mizani, yanaweza kuliunguza kongosho, lile lililo nyuma ya tumbo, na kongosho likiungua mtu anaweza kufa.

"Linauma wapi likiuma?"

Mizani alionyesha chini ya kifua, halafu nyuma, mgongoni.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Niliambiwa ni shibe."

Daktari aliandika kitu. "Leo tutalipima kongosho. Na vidonge unaacha leo hii. Kwenu kuna mtu mwenye shida hii? Baba yako yupo?"

"Alifariki nikiwa na miaka tisa. Tumbo. Lilimkunja siku tatu."

"Alikuwa mtu wa pombe?"

Swali lile Mizani alilijua. Lilikuwa limeulizwa na kila mtu nyumbani kwao, kabla ya mazishi na baada yake. "Alisema hanywi," alijibu. "Daktari wa huko aliwaambia tumbo la namna ile ni la walevi. Kwa hiyo wakasema alikuwa anakunywa kwa siri. Mama yangu aliitafuta chupa nyumba nzima. Hakuiona, akasema ameificha vizuri."

"Sikumpima baba yako, kwa hiyo siwezi kukuapia," daktari alisema. "Lakini kuna watu wanakufa na tumbo hilo hawajawahi kuonja pombe. Wanakufa na mafuta haya haya."

Mizani alikaa pale mikono mapajani. Siku tatu mtu anakufa anasema sinywi, na wanaomshika mkono wanaitafuta chupa uvunguni. Aliondoka chumba kile na hasira mpya, kubwa kuliko ya muhuri, kuliko ya ghala, kuliko ya kifuniko cha sufuria. Kongosho lilikutwa halijaharibika. Akapewa dawa za kushusha mafuta, akaambiwa chakula kichemshwe bila mafuta, na muuguzi wa dirisha la pili akamweleza habari za kitanzi cha shaba, kinachowekwa kwenye mji wa mimba, ambacho hakina homoni ndani yake. Alimweleza akitazama meza.

Jioni ile mumewe alikuwa wa kwanza kusema.

"Ungemwambia tu daktari hutumii. Halafu ukamrudia peke yako kesho yake."

"Kwa hiyo ningesema uongo mbele ya maabara, ili wewe usiulizwe na mama yako."

"Sikusema hivyo."

"Miezi kumi mama yako ananiambia tumbo limelala. Uko hapo mezani, unakula. Ulishawahi kuinua kichwa? Nimeambiwa ninaiba chakula, ukasema labda ninaonja. Mwanamume mzima unashika nyaya zenye moto, mama yako unamwogopa."

Alimpa maneno yake yote, hakubakisha, na yule bwana akarudi kwenye swichi yake.

Mama mkwe naye alikuwa na hasira zake. Hakufunga mizigo kama Mizani alivyotarajia. Wiki sita hakumsemesha mkaza mwana wake hata salamu. Ila kuanzia siku ya pili, sahani ya Mizani ilikuja mezani peke yake, chakula kimechemshwa, hakina tone la mafuta, na ilitupwa mezani kwa kishindo hadi kijiko kiliruka. Kila siku, mara tatu, kishindo. Mizani alikula.

Wiki ya sita wakampima. Mtaalamu wa maabara alimletea kichupa mwenyewe. Juu palikuwa na maji ya manjano, na ng'ambo ya pili Mizani aliziona nyuzi za koti la yule bwana, moja moja. Mafuta yalikuwa bado juu kidogo, lakini si ya hatari. Daktari alisaini cheti. Ilikuwa imebaki siku nne miezi mitatu itimie.

Bwana Utaratibu alikipokea cheti, akakigongea muhuri, akafungua droo yenye ufunguo. Kisha hakuutoa. Alitoa karatasi.

"Saini hapa kwanza. Ni utaratibu tu."

Mizani aliisoma. Ilikuwa imechapwa vizuri. Mimi ninayesaini hapa chini ninakiri kwamba katika vipimo vinne vya mwanzo nilikula kabla ya kutolewa damu, kinyume cha maelekezo, na kwamba si ghala wala zahanati iliyokosea.

"Bima wanauliza kwa nini dereva alikaa karibu miezi mitatu bila cheti," alisema msimamizi. "Zahanati ina mkataba na sisi. Tukiandika zahanati ilikosea, ni maswali mwaka mzima. Ukisaini wewe, hakuna swali. Na ufunguo huu hapa, unapanda sasa hivi."

Huko nje kitu kikubwa kilianguka, na Mizani alijua ni sinki.

"Mimi sikula," alisema.

"Najua. Daktari ameeleza, nimeelewa. Ni karatasi tu, dada yangu."

"Kama unajua, mbona unataka niseme nilikula?"

"Una siku nne," alisema Bwana Utaratibu, akaifunga droo.

Mizani alirudi nyumbani mapema na kusimulia sebuleni, akiwa wima, bila kuvua viatu. Mumewe alimsikiliza hadi mwisho. Akapumua.

"Saini, mke wangu. Maneno tu hayo. Nani atayasoma?"

Kwa mara ya kwanza tangu yaanze mambo haya, Mizani alianza kupima. Miaka sita kwenye mashine upande mmoja, na upande wa pili mtu aliyekunjamana kitandani siku tatu anasema sinywi. Akavua viatu, akakaa.

"Asaini nini?"

Sauti ilitoka mlango wa jikoni. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi, wiki sita za ukimya zimefika mwisho.

"Nimeuliza, asaini nini? Kwamba alikula? Mimi nilikuwa wapi alipokuwa anakula? Nimelala naye kitanda kimoja, nimemnusa mdomo kama mbuzi, halafu mtu aandike alikula? Hiyo karatasi inasema na mimi ni mwongo." Alimgeukia Mizani, na macho yake bado yalikuwa makali. "Wewe nina ugomvi na wewe, na sijaumaliza. Ulinificha. Lakini wizi wa chakula nilikusingizia mimi, na huo niliukosea." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe uliniacha nimseme mwenzio miezi kumi, unajua kila kitu. Kesho unavaa shati, unakuja."

Kesho yake Bwana Utaratibu alifungua ofisi akawakuta watatu. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, akaweka mkoba mapajani, akamweleza saa kumi na nne zote, saa baada ya saa, pamoja na choo. Alipomaliza alimtazama mwanawe. Fundi umeme alitazama sakafu, akatazama dari, akaona pande zote hakuna pa kutokea.

"Mke wangu alikuwa anameza vidonge vya uzazi wa mpango," alisema. "Tulikubaliana wote wawili. Vidonge ndivyo vilivyompandisha mafuta. Mimi nilijua anavitumia, na nilipoambiwa anakula kwa siri sikumtetea. Hakula."

Alisema yote, na mlango ulikuwa wazi, na wapakizi walisikia.

"Sasa hiyo karatasi yako," mama mkwe alisema, "kama inataka saini, nipe mimi. Nitaandika nilichokiona. Na hao watu wa bima waambie waje kwangu waniulize."

Bwana Utaratibu aliivuta ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akafungua droo akautoa ufunguo na kuushika juu ya meza, uso umelainika, uso wa mtu anayefanya wema.

"Haya," alisema. "Basi nimekusamehe."

Mizani aliuchukua ufunguo mkononi mwake, akatoka, akamteremsha yule mpakizi, akarekebisha kiti, akawasha. Kule ofisini msimamizi alibaki amesimama mlangoni, anasubiri aambiwe asante. Hadi leo anasubiri.